Somo: Seva ya mafaili inayopotea na kurudi ofisini

Wakuu, hapa nazungumzia ofisi ndogo: swichi moja, ruta, na kompyuta ya Windows inayotunza mafaili ya wote. Asubuhi diski Z: (folda ya seva hiyo inavyoonekana kwenye kompyuta nyingine) inafunguka vizuri, mchana ina alama nyekundu. Tafadhali usikimbilie kupiga Windows upya. Jua kwanza kinachokatika ni waya, anwani au folda.

1. Kwenye kompyuta inayosumbua fungua cmd (dirisha la kuandika amri) mbili. Amri ya ping huuliza kifaa kama kipo na kusubiri kijibu. Moja andika ping -t 192.168.1.10 (anwani ya seva), nyingine ping -t 192.168.1.1 (ruta). Ziache hadi tatizo litokee. Zikikatika zote, shika waya na swichi (hatua ya 2). Ikikatika seva tu, kagua waya wake, kisha nenda hatua ya 3. Zote zikijibu na Z: imegoma, nenda ya 4.

2. Kadi ya mtandao ya gigabiti (Mbps 1000) ikisoma Mbps 100, mara nyingi kuna uzi uliokatika au plagi iliyobanwa vibaya. Gigabiti inataka nyuzi zote 8. Kata plagi, bana mpya. Swichi nayo ikae kwenye UPS (betri ya akiba): umeme ukicheza kidogo inajizima, na faili lililo wazi linaweza kuharibika hata kama seva haikuzimika.

3. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ruta nyingi za bei nafuu zikizimika husahau anwani zilizogawa, na simu ya mgeni inaweza kupewa ya seva. Chomoa waya wa seva. Kwenye kompyuta nyingine, kwa cmd ya msimamizi, andika arp -d *, kisha ping 192.168.1.10, kisha arp -a. Ukiona .10 bado ina MAC (namba ya kudumu ya kadi ya mtandao), kuna kifaa kingine kimeishika. Dawa: ruta igawe .100 hadi .200, seva uipangie .10 kwa mkono.

4. Windows hukata muunganisho uliokaa kimya dakika 15. Programu za zamani za uhasibu hazivumilii hilo. Kwenye seva: net config server /autodisconnect:-1. Hakikisha pia seva hailali.

Swali: Mkuu, tuko 24, wa mwisho kuingia anakataliwa. Ni waya?
Jibu: Hapana. Windows 10 na 11 hupokea vifaa 20 tu kwa wakati mmoja. Hamieni Windows Server, au Linux yenye Samba (programu ya kugawia mafaili kompyuta za Windows).

Swali: Tumesasisha Windows 11 Pro kwenda 24H2, NAS (kifaa cha kuhifadhia mafaili kwenye mtandao) haifunguki ila ping inajibu.
Jibu: Toleo hilo linadai saini ya SMB (lugha ambayo Windows hutumia kugawana mafaili) na linakataa mgeni asiye na nenosiri. Sasisha NAS, fungua akaunti yenye nenosiri. Kama inajua SMB1 (toleo la zamani la SMB) pekee, ibadilisheni.