Ladu za tende na korosho, za mchana na za usiku

Ladu hizi, vitonge vitamu vya kuviringisha kwa mkono, hazina unga, hazina shira wala haziokwi. Nazitengeneza kwa sababu huku Jambiani, Unguja, wakati wa bamvua, tunashuka pwani kwenye mwani asubuhi maji yakitoka, na kupanda juu ni mpaka yaanze kujaa. Chai na kipande cha mkate havikufikishi. Ladu mbili zinakufikisha.

Tende kwanza, maana hapo ndipo ladu inapotengenea au inapoharibika. Chukua laini, ile ukiibinya inabonyea na kunata vidoleni. Ajwa na Medjool, tende za bei kubwa, waachie wenye kahawa. Kuzitwanga ni hasara. Za kushindiliwa ndani ya pakiti zinatosha kabisa. Zilizobaki baada ya Ramadhani mara nyingi huwa zimekauka: ziroweke kwenye maji ya moto dakika 10, uzikamue, uzipanguse kwa kitambaa kikavu, kwa sababu maji yakibaki ladu zinachacha. Pasua moja moja, toa kokwa, na uangalie ndani. Tende inaweza kung'aa nje na ndani mna vidudu.

Zikishatoka kokwa, pima vikombe viwili. Korosho zilizochomwa kikombe kimoja, karanga nusu kikombe, hiliki sita zilizomenywa, mdalasini nusu kijiko cha chai, chumvi kidole kimoja, mafuta ya nazi kijiko kimoja cha chakula. Utapata ladu kama 20, za ukubwa wa ndimu ndogo.

Karanga zichague juu ya ungo, na hapa nakuomba usifanye haraka. Iliyokunjamana, iliyogeuka rangi, yenye ukungu au ladha ya uchungu, tupa. Ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu, na kuzikaanga hakuiondoi. Kama huna imani na karanga za siku hiyo, ongeza korosho.

Twanga hiliki, kisha korosho na karanga, mpaka nusu iwe unga na nusu ibaki vipande vya kutafuna. Zitoe. Tia tende na chumvi kinuni, utwange polepole. Mwanzo zitakimbia pembeni. Zirudishe kwa mwiko. Baadaye zinashikana, rangi inaiva, na ukiinua mchi kinu nacho kinataka kunyanyuka. Hapo zimekubali. Rudisha korosho, mdalasini na mafuta, kanda kwa mkono. Mashine ya kusagia inafanya kazi hiyo pia, ila ipumzishe, maana tende huipasha moto mota.

Sasa dawa. Siku hizi kila mtu anaulizia adaptojeni, mimea inayosemwa kuusaidia mwili kustahimili uchovu na msongo. Fikra hiyo ilitoka kwa mwanasayansi wa Kisovieti, Nikolai Lazarev, mwaka 1947, lakini mizizi ya ashwaganda Wahindi wameitumia karne nyingi kabla yake. Mimi donge langu naligawa mara mbili. La mchana natia kijiko kimoja cha chai cha unga wa majani ya mlonge na kingine cha tangawizi kavu. Mlonge si adaptojeni kwa maana ile ya Lazarev, ni chakula tu, na chakula kizuri.

La usiku natia unga wa mizizi ya ashwaganda, kijiko kimoja cha chai kwa ladu kumi, basi. Ni chungu na ina harufu nzito. Hiliki inaifunika ukiwa hukuzidisha. Kuna tafiti ndogo zilizoonyesha kwamba inawasaidia baadhi ya watu kulala na kupunguza msongo. Lakini si kitu cha kuchezea. Mjamzito asiile kabisa. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo au wa ini, na anayetumia dawa za presha, sukari au usingizi, amuulize daktari kwanza. Denmark waliipiga marufuku mwaka 2023. Watoto nao wale za mlonge.

Bimkubwa wangu anakunywa dawa za presha, kwa hiyo nyumbani kwetu alama ni moja, haibadiliki: za ashwaganda nazigaragaza kwenye ufuta, za mlonge kwenye nazi. Hata taa ikizimika, vidole vinajua. Mwenye kisukari akumbuke kwamba tende yenyewe ni sukari, hata kama hatukuongeza kijiko.

Paka viganja mafuta ya nazi, viringisha kwa kubana. Nazi iwe iliyokaushwa. Mbichi ya kukunwa inachacha upesi kwa joto letu. Kama ndiyo uliyonayo, ikaange kavu kwa moto mdogo mpaka iwe ya kahawia na isiwe na unyevu, iache ipoe, ndiyo ugaragaze. Weka kwenye kopo lenye mfuniko. Ndani ya friji zinakaa wiki moja bila taabu. Huna friji, tengeneza nusu ya kipimo na zimalizike kwa siku mbili tatu.