Somo: Jinsi ya kukagua sanamu ya anime yenye viungo, zile za daraja la juu

Habari zenu wakuu. Leo tunakagua sanamu za wahusika wa anime (katuni za Kijapani) zenye viungo vinavyokunjika: S.H.Figuarts za Bandai, figma za Max Factory, na zile kubwa za kimo cha sentimita 30 hivi zinazovaa nguo za kitambaa halisi, kama za Threezero. Vitu hivi vinauzwa ghali kwa sababu mbili: vifanane na mhusika, na viweze kukaa mapozi yake. Kwa hiyo hayo mawili ndiyo yanayobeba ukaguzi. Rangi, vifaa na boksi vinafuata nyuma. Naona wengi wanaanzia kwenye boksi na wingi wa vifaa, halafu wanaisifia sanamu isiyoweza hata kukunja mikono kifuani.

HATUA YA 1: Andaa meza

Tandika taulo ya rangi moja, maana viganja vya ziada (vya kubadilisha kulingana na pozi) ni vidogo na vikidondoka sakafuni vinapotea. Weka taa nyeupe, rula, na simu yenye kamera inayokaribia vizuri. Kabla hujatoa kitu kwenye trei, piga picha ujue kila kipande kilikaa wapi, kisha hesabu vipande ukilinganisha na karatasi ya maelekezo. Angalia hasa viganja: kuna wanaopata vya kushoto viwili.

Tafuta pia picha za mhusika kutoka kwenye anime yenyewe. Usitumie picha za tangazo la bidhaa. Zile mara nyingi ni za sampuli iliyopakwa rangi kwa mkono, na watengenezaji wenyewe huandika kwamba bidhaa inaweza kutofautiana nayo. Chagua picha za kipindi kile kile ambacho sanamu inadai kuwakilisha, kwa sababu mhusika mmoja huchorwa tofauti msimu hadi msimu. Uso ulionona wa miaka ya mwanzo siyo uso wenye pembe kali wa miaka ya baadaye, na ukizichanganya utailaumu sanamu isiyo na kosa.

HATUA YA 2: Uso

Hapa usiharakishe hata kidogo. Mchoraji wa anime ana uhuru ambao mchongaji hana. Mhusika akigeuka pembeni, mchoraji anausogeza mdomo ukaja shavuni, na nywele anaziacha na umbo lile lile, na sisi watazamaji tunakubali bila kujua. Mchongaji anatakiwa atafute umbo moja litakalokubalika kila upande. Ni kazi ngumu kweli, na ikifanikiwa inastahili sifa zake zote.

Inyanyue sanamu iwe usawa wa macho yako, kisha izungushe polepole. Ukiitazama mbele, karibu kila sanamu ni nzuri. Isimamishe pale inapokuwa imegeuka nusu, shavu moja linaonekana na jingine linapotea. Bado ni yeye? Hivyo ndivyo utakavyomwona kabatini muda mwingi, na hapo ndipo sanamu nyingi zinapoangukia. Ukifika pembeni kabisa, tazama pua na kidevu. Pua ambayo mbele ni nukta tu, pembeni inatakiwa iwe na ncha, na kidevu kisirudi nyuma kikamezwa na shingo.

Sasa macho. Haya hayachorwi kwa brashi. Hupigwa chapa kwa pedi laini ya silikoni inayochukua wino na kuuacha usoni, rangi moja baada ya nyingine: mboni, weusi wa kope, nyusi, nukta nyeupe ya mng'ao. Kila rangi ni pigo lake. Kichwa chenyewe kina urefu wa sentimita mbili hivi, kwa hiyo pigo likihama hata sehemu ya milimita, jicho moja linakutazama na jingine linatazama kando. Ikuze picha kwenye simu, ulinganishe nafasi kati ya mboni na kope upande wa kushoto na wa kulia. Halafu weka simu chini, isogeze sanamu mbali kwa urefu wa mkono, itazame tena. Kasoro inayoonekana kwa urefu wa mkono ni kasoro ya kweli. Inayoonekana kwenye kamera peke yake itaje, lakini usiifanye kesi.

Sanamu nyingi huja na sura za ziada za kubadilisha usoni. Zivalishe zote, usikague moja tu. Angalia ufa kati ya uso na nywele za mbele, na rangi ya ngozi ya uso ukilinganisha na ya shingo. Uso wa kupiga kelele upewe jicho la pekee: mtu akipiga kelele nyusi zinakunjamana, mashavu yanavutwa, na ndani ya mdomo meno na ulimi vinaonekana. Mtengenezaji aliyechukua uso wa utulivu akatoboa mdomo tu, amekuuzia sura moja mara mbili.

HATUA YA 3: Kimo na umbo

Hesabu ni rahisi. Gawanya kimo rasmi cha mhusika kwa namba ya chini ya kipimo; 1/12 maana yake sanamu ni sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo chake. Son Goku, mpiganaji wa Dragon Ball, ana sentimita 175. Kwa kipimo cha 1/12 unapata 14.6, kwa 1/6 unapata 29 na kidogo. S.H.Figuarts na figma hazishiki kipimo kwa ukali, kwa hiyo milimita chache zisikusumbue. Kinachosumbua ni wahusika wawili wa mfululizo mmoja, mrefu na mfupi, wakisimama pamoja wakawa sawa. Kagua pia upana wa mabega dhidi ya kichwa. Kichwa kikizidi kidogo tu, mpiganaji anageuka mtoto.

HATUA YA 4: Viungo

Kabla ya kukunja chochote, kitikise kila kiungo kidogo kidogo ujue kinaelekea wapi. Kikiwa kigumu usikilazimishe. Pasha sehemu hiyo kwa kikausha nywele kwenye joto la wastani, kisha jaribu tena taratibu. Pini ikikatikia ndani ya tundu lake, kuitoa ni kazi ya kuchimba.

Usivutiwe na idadi ya viungo inayotajwa. Pima kwa mapozi, na la kwanza liwe lile linalomtambulisha mhusika. Kwa Goku ni Kamehameha, pigo lake la nishati: viganja vikutane kwenye vifundo vya mikono, vidole vimefunguka, vyote vivutwe hadi ubavuni, magoti yamekunjwa kidogo na uso bado unatazama mbele. Pozi hilo moja linakagua karibu mwili mzima. Mkono mmoja unatakiwa uvuke kifua, kwa hiyo bega linahitaji kiungo cha ndani kinacholisogeza mbele. Kifua na kiuno vizunguke kila kimoja kivyake. Shingo irudi upande wa pili. Bila kile kiungo cha ndani ya bega, viganja vitakutana mbele ya tumbo tu, viwiko vimetanuka nje, na hakuna picha utakayopiga itakayoficha hilo.

Kisha mpigishe goti moja. Hapo unajua kama goti lina mikunjo miwili, kama nyonga inashuka kidogo kuupa paja nafasi, na kama vidole vya mguu vinakunjika. Joho au sketi ngumu mara nyingi ndiyo inayozuia, siyo mguu wenyewe, kwa hiyo taja kinachozuia ni kipi. Mwisho msimamishe kwa mguu mmoja bila stendi, umwache hivyo huku ukikagua vifaa. Kifundo cha mguu kilicholegea kitajitangaza chenyewe.

Kuna jambo moja watu hawakubaliani, na mimi nina msimamo wangu. Kila kiungo kinachoongezwa kinakata mstari wa mwili. Kwa mpiganaji nakubali pengo kwenye kiwiko na duara la goti, maana kazi yake ni kuruka na kupiga. Kwa mhusika anayesimama tu na sare ya shule, natamani viungo vichache na umbo safi. Tundu la stendi mgongoni mwa figma nalo ni hivyo hivyo: kwenye joho jeusi halionekani, kwenye mgongo mtupu linakera. Mkaguzi aseme sanamu iliahidi nini, ndipo aseme kama imetimiza.

HATUA YA 5: Rangi, mishono na nguo

Tafuta mishono ya kalibu (mistari inayobaki pale vipande viwili vya kalibu ya kumiminia plastiki vilipokutana) kwenye ncha za nywele, ndani ya mapaja na pembeni mwa mikono. Linganisha rangi ya kiungo na ya nyama inayokizunguka: kiungo huwa cha plastiki ngumu aina ya ABS, nyama ni PVC laini, na rangi moja kwenye plastiki mbili haitoki sawa kirahisi. Kunja kiwiko na goti mara kadhaa, kisha chungulia ndani. Ukiona unga wa rangi, sehemu ile imepakwa rangi ilhali ingepaswa kumiminwa ikiwa na rangi yake, na itaendelea kuchubuka.

Kwa zile za nguo halisi, angalia unene wa uzi na jinsi kitambaa kinavyoanguka. Kitambaa kinene kwenye mwili mdogo hakianguki, kinasimama. Ngozi ya bandia ya PU hubanduka baada ya miaka, hata kwa sanamu isiyoguswa, na kitambaa cheusi huweza kuacha rangi kwenye ngozi ya plastiki. Hilo mnunuzi ana haki ya kulijua.

HATUA YA 6: Vifaa na stendi

Upanga ushikike bila kuanguka na bila kuchubua kiganja ukiuingiza. Stendi imbebe akiwa hewani. Yanatosha hayo.

HATUA YA 7: Toa hukumu

Sitoi alama kwa kumi. Andika sentensi moja juu ya uso, moja juu ya pozi lake kuu, moja juu ya kasoro itakayobaki hata kwa nakala nyingine. Tenganisha kosa la muundo, ambalo kila mnunuzi atalipata, na kosa la nakala yako peke yake. Ukiyachanganya, msomaji ataikimbia sanamu nzuri kwa sababu ya jicho moja lililohama kwenye boksi lako.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, yangu imeandikwa imetengenezwa China. Nimepigwa?

Jibu: Hapana mkuu. Sehemu kubwa ya sanamu halisi za kampuni za Japani hutengenezwa China. Feki utaijua kwa mambo mengine: ngozi inayong'aa kama imepakwa mafuta, maandishi ya boksi yenye ukungu, viungo vilivyolegea tangu siku ya kwanza, na maandishi ya hakimiliki yaliyokosekana kwenye boksi au stendi. Bidhaa nyingi za Goku zilizotoka kwa soko la Japani huwa na stika ndogo ya Toei Animation, studio ya anime ya Dragon Ball, kwenye boksi. Stika peke yake haithibitishi, kwa sababu nazo hughushiwa. Tazama vyote kwa pamoja.

Swali: Sanamu yangu inanata mkononi na haijawahi kumwagikiwa kitu. Tatizo nini?

Jibu: PVC hulainishwa kwa kemikali, na kemikali hiyo hutoka taratibu, hasa kwenye joto na ikifungiwa kwenye trei isiyopitisha hewa. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini, kausha vizuri kabisa, kisha iweke mahali penye hewa na mbali na jua. Usiguse asetoni, itayeyusha plastiki na rangi. Inaweza kurudi kunata baadaye, unaosha tena.

Swali: Nyonga imelegea, hawezi kusimama. Nitie gundi kali?

Jibu: Usiitie ikiwa kiungo kimefungwa, kitaganda moja kwa moja. Kichomoe, paka gundi nyeupe ya maji tabaka jembamba juu ya gololi ya kiungo, acha ikauke usiku kucha, ndipo urudishe. Bado kimelegea? Ongeza tabaka. Kikikaza kupita kiasi, gundi hiyo hubanduliwa bila kuumiza plastiki.

Swali: Nanunua iliyotumika bila kuiona. Niulize nini?

Jibu: Omba picha ya uso kwa mbele na ya nusu upande, picha ya ndani ya viwiko na magoti, na picha ya vipande vyote vimepangwa pamoja. Angalia pia muuzaji anapimaje hali yake. AmiAmi, duka la Japani la sanamu, kwa mfano, hutoa daraja la sanamu na daraja la boksi kila moja peke yake, na huo ndio utaratibu mzuri. Boksi lililobonyea lenye sanamu safi huwa nafuu kubwa kwa mtu anayetaka kuipanga kabatini.

Swali: Mwalimu, ninunue sasa au nisubiri toleo jipya?

Jibu: Inategemea kilichokukera. Kama ni bega au nyonga, subiri, kwa sababu matoleo mapya ya mhusika maarufu mara nyingi hurekebisha hapo. Figma ya Saber, mhusika wa Fate/stay night, ilirudi ikiwa 2.0. Kama ni bei ya walanguzi, subiri pia, maana kampuni ikitoa tena toleo lile lile bei hushuka. Ila kama uso wa hii ya sasa umekukaa moyoni, nunua. Toleo jipya huja na uso mpya, na si lazima uwe bora.

Swali: Jicho la kushoto la yangu limehama kabisa, ila sura mbili za ziada ziko sawa. Nirudishe?

Jibu: Lile jicho linaonekana kwa urefu wa mkono? Kama ndiyo, na sura hiyo ndiyo uliyotaka kuiweka, wasiliana na muuzaji mapema ukiwa na picha za boksi na za jicho, kabla hujaikunja sanamu wala kutupa trei. Wengine hutuma kichwa au uso wa kubadilisha bila kuhitaji sanamu nzima irudi. Kama unapenda sura ya kupiga kelele kuliko ile, bakia nayo.