Kona ya vitabu ya chekechea: kuanzia boksi tupu hadi kitabu kinachokwenda nyumbani

Mwongozo huu ni wa walimu wa chekechea wa Arusha na Moshi wenye watoto 30 hadi 50 darasani, wa miaka mitatu hadi mitano, na vitabu visivyotosha. Mzazi naye anaweza kuutumia. Hatua ya tatu inafanyika vizuri hata kitandani. Tunachotafuta ni kitu kimoja: mtoto akitamani kitabu kabla hajajua kukisoma. Herufi zitakuja, na kwa Kiswahili huja upesi, kwa sababu irabu zetu ni tano tu na silabi husomwa kama ilivyoandikwa. Hamu ndiyo isiyokuja yenyewe.

Hatua ya 1: Vitabu vitoke kabatini

Shule nyingi zina vitabu, ila vimefungiwa ofisini visije vikachanika. Kitabu kisichochanika kwa sababu hakiguswi hakimsaidii mtoto. Chagua kumi na mbili hadi kumi na tano vyenye picha kubwa na maneno machache kila ukurasa, viweke wazi. Rafu si lazima. Piga misumari miwili ukutani, funga kamba kwa urefu wa sentimita 60 kutoka sakafuni, kisha tundika vitabu kwa vibanio vya nguo. Jalada litazame mbele. Mtoto wa miaka minne hachagui kitabu kwa kuona uti wake, yaani ukingo ambako kurasa zimeungana; anachagua picha.

Kona isiwe karibu na mlango, maana vumbi la kiangazi huingia hapo kwanza, wala chini ya dirisha, ambako mvua ya masika hulowesha na jua hufifisha rangi. Chini tandaza maboksi yaliyobomolewa, juu yake mkeka. Mwezi wa sita na wa saba sakafu ya saruji ya Arusha ni baridi mno, na mtoto aliyekaa kwenye baridi hatulii hata hadithi iwe tamu vipi.

Wiki ya kwanza fundisha mikono. Tumia kalenda za zamani: mtoto ashike ncha ya juu ya ukurasa kwa vidole viwili, aufungue polepole. Kurasa nyingi huchanika kwa sababu mbili, mtoto kuvuta ukurasa karibu na uti, au watoto wawili kung'ang'ania kitabu kimoja. Kwa hiyo weka utaratibu wa watoto sita tu konani kwa wakati mmoja, na wanawe mikono baada ya uji.

Kila Jumatatu badilisha vitabu vinne, si vyote. Mtoto aliyekipenda kitabu atakitafuta Jumanne, na asipokikuta ataacha kutafuta.

Hatua ya 2: Tengeneza kitabu kikubwa

Kitabu kidogo hakionekani na watoto ishirini. Kitabu kikubwa kinatengenezwa mchana mmoja kwa vitu vya duka la steshenari na maboksi ya sokoni.

Unahitaji karatasi nne za manila nyeupe, boksi moja gumu la jalada, makapeni nyeusi, rula ndefu, gundi, selotepu pana, jozi moja ya kamba za viatu, na picha. Picha za kuchora ni nzuri, lakini hata za kalenda, magazeti na vifungashio zinafaa.

Kata kila manila katikati; unapata kurasa nane. Pima sentimita tatu kutoka ukingo wa kushoto wa kila ukurasa, weka rula hapo, pitisha ncha ya kalamu iliyokwisha wino ukikandamiza. Mstari huo ndio ukurasa utakapokunjika. Ukiuruka, manila itajikunja popote inapotaka na baada ya wiki mbili itapasuka. Jalada la boksi nalo likandamizwe vivyo hivyo kwa nguvu zaidi.

Bandika selotepu kwenye ukingo kabla ya kutoboa, pande zote mbili. Toboa matundu manne, kila moja likiwa sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Pitisha kamba za viatu na ufunge ukiacha nafasi ya kidole kimoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakaza kamba, kitabu kinagoma kulala wazi, mwalimu anakishika kwa mikono miwili na hana mkono wa kuonyesha maneno. Kamba ya katani huchoka na kusambaratika kwenye matundu; ya viatu inadumu.

Andika upande mmoja tu, kwa sababu makapeni hupenya. Herufi ziwe ndogo (a, b), zisiwe kubwa zote (A, B), na urefu wake usipungue sentimita tatu. Sentensi moja au mbili fupi kila ukurasa, jumla maneno manne hadi saba, na kiitikio kinachorudi. Mfano: “Mbuzi yuko wapi? Hayuko mgombani.” Ukurasa unaofuata: “Mbuzi yuko wapi? Hayuko kisimani.” Kufikia ukurasa wa nne watoto wanasema kiitikio bila kuombwa, macho yao yakiwa kwenye maneno. Huko ndiko kusoma kunakoanzia.

Gundi paka nyembamba, ukingoni na katikati ya picha. Ikiwa nyingi karatasi inavimba. Usitumie uji wa unga. Mende na panya watakimaliza kitabu wakati wa likizo.

Kama una simu na printa ya karibu, African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili ambazo ni ruhusa kuzichapa bure. Zisome kwanza peke yako. Baadhi zimetafsiriwa, na utakutana na neno ambalo mtoto wa Sakina, Arusha, au Pasua, Moshi, hajawahi kulisikia. Libadilishe hapo hapo kwa kalamu. Maktaba za mkoa, Arusha mjini na Moshi mjini, zote ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nenda ukaulize vitabu vya watoto na masharti ya kuazima.

Hatua ya 3: Soma kitabu kimoja wiki nzima

Watoto 45 hawasomewi pamoja. Wagawe makundi matatu. Moja linasomewa, mawili yanachora au kucheza na udongo chini ya uangalizi wa msaidizi. Kaa kwenye kiti kifupi, kitabu kiwe pembeni ya uso wako, usawa wa macho yao. Dakika saba zinatosha kwa wa miaka mitatu, kumi na mbili kwa wa mitano. Wakianza kuvutana nguo, funga kitabu kesho kiendelee.

Fungua kila siku kwa wito ule ule, “Hadithi! Hadithi!”, nao waitikie “Hadithi njoo!” Wito huo unawakusanya kuliko kengele.

Jumatatu tazameni jalada na picha tu, mkibashiri. Jumanne soma moja kwa moja bila kukatiza, sauti ikibadilika kwa kila mhusika. Jumatano soma ukiishia kabla ya neno la mwisho ili wao walimalizie, huku kidole chako kikipita chini ya maneno. Alhamisi waigize. Ijumaa mtoto mmoja au wawili wawasomee wenzao kwa kutazama picha, na usiwasahihishe hata neno.

Maswali ndiyo nguvu ya hatua hii. “Hii ni nini?” huleta neno moja na kuishia hapo. Uliza “Anafanya nini?”, “Kwa nini amejificha?”, “Wewe ungefanyaje?” Kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi tano. Ukimya huo unawashinda walimu wengi, wanajijibu wenyewe. Mtoto akisema “Mbwa,” pokea na urefushe: “Ndiyo, mbwa mweusi anamkimbiza kuku,” kisha naye arudie. Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake walichapisha matokeo ya wazazi waliofundishwa kuwasomea watoto hivi. Kwa mwezi mmoja tu watoto wao waliwazidi kwa kuzungumza wenzao waliosomewa kwa njia ya kawaida, ingawa hao nao walisomewa mara nyingi vile vile.

Mtoto akijibu kwa Kichaga, Kimeru au Kimaasai, amejibu. Pokea jibu, lirudishe kwa Kiswahili, endelea.

Usiwape maneno ya hadithi wayanakili daftarini baadaye. Najua wazazi wanataka kuona daftari limejaa, hasa wanaowaza usaili wa darasa la kwanza. Waite siku ya Ijumaa waje wasikilize watoto “wakisoma”; hilo linawatuliza kuliko maelezo. Hadithi ikigeuzwa imla, mtoto ataanza kuikimbia.

Hatua ya 4: Silabi na maandishi ya mtaani

Dakika tatu kwa siku. Pigeni makofi ya silabi za maneno ya kitabu: m-to-to makofi matatu, mbu-zi mawili. Angalia M ya mwanzo: kwenye “mtoto” na “mti” ina kofi lake, kwenye “mbuzi” haina. Jaribu kwa sauti kabla ya kuingia darasani.

Kusanya vifungashio vya chumvi, sabuni, unga na majani ya chai, vibandike kwenye kitabu kikubwa cha pili. Watoto wanavitambua tayari, na wakijiona wanasoma “chumvi” wanapata ujasiri. Njiani mzazi aonyeshe maandishi ya daladala, Ngaramtoni, Kijenge, Majengo, Kiborloni.

Hatua ya 5: Kitabu kiende nyumbani Ijumaa

Mfuko kwanza. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, hivyo tumia viroba vya sembe: kimoja cha kilo 25, kikikatwa katikati kwa upana na kushonwa chini, kinatoa mifuko miwili inayostahimili manyunyu. Ndani weka kitenge kilichoshonwa kama ala.

Anza na watoto kumi, wengine wiki inayofuata. Mwambie mzazi kwa mdomo, getini, si kwa barua: asome au aeleze picha tu, kwa lugha yoyote ya nyumbani. Bibi asiyejua kusoma anaweza kuwa msomaji bora kuliko wote, kwa sababu ana muda na ana hadithi.

Daftari la kuazima liwe na safu tatu: jina la mtoto, kitabu, tarehe ya kurudi. Kikipotea au kurudi kimechanika, usitoze faini. Ukitoza mara moja, vitabu vitafungiwa makabatini nyumbani kama vilivyokuwa vimefungiwa ofisini. Mpokee mtoto, kaa naye, mkitengeneze kitabu pamoja: kipande chembamba cha karatasi nyeupe na gundi nyuma ya mpasuko, kisha kitabu kilale chini ya kitu kizito hadi Jumanne.