Mshipi kati ya Kunduchi na Msasani: chagua maji kwanza, mahali baadaye

Wengi wanaotaka kuvua kwa burudani Dar es Salaam huanza kwa kuuliza samaki wako wapi. Anza na kuuliza mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame. Mahali pazuri siku ya maji mabaya hapana faida.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida. Dar maji ya bamvua hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa mnamo saa 4 asubuhi. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukitoka Kunduchi saa 12 asubuhi siku kama hiyo, utarudi ukute pwani imekauka mbali na boti haifiki ufukweni. Huko nje nako mkondo unakuwa mkali, risasi inayozamisha mshipi inapeperushwa na chambo hakikai chini. Siku ya 8 au 9 tangu mwezi uandame, na tena ya 22 au 23, ni maji mafu: asubuhi yanajaa karibu na saa 4, mkondo ni mpole, na unarudi maji yakiwa bado mengi. Anayejifunza aende siku hizo. Kati ya vipindi hivyo, saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku.

Upepo unafuata. Oktoba na Novemba, kusi, upepo wa kusini, ikishatulia na kaskazi, upepo wa kaskazini, haijashika, ndiyo miezi bora. Ghuba ya Msasani imekingwa na rasi wakati wa kusi, lakini iko wazi kwa kaskazi, kwa hiyo Desemba hadi Februari toka alfajiri na urudi kabla ya adhuhuri. Utabiri wa upepo na mawimbi hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa tahadhari, ahirisha.

Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975. Lipa kiingilio, ogelea, pumzika kivulini, ila mshipi usishushwe kwenye miamba yake. Mwambie nahodha mapema kwamba unataka kuvua nje ya mipaka ya hifadhi, pale mwamba unapoishia na mchanga kuanza, kwenye pima 8 hadi 14 za maji (mita 15 hadi 25 hivi). Samaki aina ya changu hula pembeni mwa mwamba zaidi kuliko juu yake, na hapo ndoana hainasi ovyo.

Mshipi wa nailoni wa milimita 0.7, urefu wa mita 100, unatosha. Risasi ikae mwisho kabisa, gramu 100 maji mafu, 200 mkondo ukizidi. Sentimita 30 juu yake funga tawi la kwanza, yaani uzi mfupi wenye ndoana, na sentimita 40 juu zaidi funga la pili; kila tawi lisizidi sentimita 20, la sivyo litajisokota kwenye mshipi. Risasi ifungwe kwa uzi mwembamba kuliko mshipi wenyewe, ili ikinasa jiweni ikatike peke yake na ndoana zibaki. Chambo bora ni ngisi, kipande cha upana wa kidole, maana ni mgumu na samaki wadogo hawakimalizi upesi. Ncha ya ndoana ibaki nje. Ikifichwa ndani ya nyama, samaki atadonoa na kuondoka.

Shusha mpaka risasi iguse chini, kisha inua nusu mita. Mshipi upite juu ya kidole cha shahada kilichovishwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Usiuzungushe kidoleni wala mkononi kamwe, kwa sababu kolekole mmoja akikimbia unakatika ngozi. Samaki akidonoa mara ya pili, vuta kwa mkato mfupi, kisha endelea bila kulegeza. Chewa anatakiwa kuinuliwa mita mbili za mwanzo kwa nguvu, kabla hajaingia pangoni.

Nanga itupwe mchangani, kamba iwe angalau mara tatu ya kina, na ifungwe omo, yaani mbele ya boti. Ikifungwa tezi, yaani nyuma, wimbi linaingia upande wa mashine na boti inajaa. Jaketi okozi liwe la kila mtu, wakiwemo wanaojua kuogelea. Mafuta yagawe mafungu matatu: la kwenda, la kurudi na la akiba.

Bunju, samaki anayejivimbisha, mrudishe majini. Sumu yake haiishi kwa kupikwa. Tasi ni mtamu, lakini miiba yake inachoma vibaya, hivyo mshike kwa kitambaa kinene. Ukichomwa, loweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, hadi maumivu yapungue. Chukua chupa moja ya chai yenye maji ya moto kwa kazi hiyo.