Ndigana kali au ndigana baridi? Mchunguze ng'ombe hivi kabla ya kuchoma sindano

Mtamba wa mama mmoja huku Rungwe alichomwa oksitetrasaiklini siku tatu mfululizo kwa sababu jirani alisema ni ndigana. Kweli ilikuwa ndigana, ila ile kali, na dawa aliyopewa ni ya ndigana baridi. Nilipofika alikuwa amelala chini, povu jeupe linamtoka puani. Magonjwa haya yote mawili huletwa na kupe, lakini vimelea vyake ni tofauti na dawa zake ni tofauti. Utaratibu ninaoufuata zizini ni huu.

Hatua ya 1: Joto. Pima asubuhi, jua halijawa kali. Ingiza kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa na ukilaze kidogo kiguse nyama. Kikizama kwenye kinyesi kitakudanganya. Nyuzi 38 hadi 39.3 ni kawaida. Ikifika 40 au 41, endelea na uchunguzi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Tezi. Theileria parva, kimelea cha ndigana kali, huingia na mate ya kupe na kukimbilia tezi iliyo karibu na alipoumwa. Kupe anayemleta hupenda masikio, kwa hiyo anza kupapasa chini ya sikio, pande zote mbili, kisha mbele ya bega. Tezi iliyovimba utaikuta ngumu, wakati mwingine kubwa kama yai. Kwenye ndigana baridi tezi kwa kawaida hazivimbi hivyo.

Hatua ya 3: Fizi, mkojo, kinyesi. Fizi na kope nyeupe au za manjano, pamoja na kinyesi kikavu, zinaelekeza kwenye ndigana baridi. Mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa, fikiria babesia, ugonjwa mwingine wa kupe. Ng'ombe anayenyanyua miguu juu kama anakanyaga matope, anazunguka na kutetemeka, huenda ni maji moyo, nao huletwa na kupe; huyo mwite daktari wa mifugo papo hapo.

Hatua ya 4: Kupe wenyewe. Wa kahawia ndani ya sikio ndiye wa ndigana kali. Kupe wa bluu, mdogo, hukaa tumboni na shingoni, naye hubeba ndigana baridi na babesia. Yule mkubwa mwenye madoa ya rangi, kwenye kiwele na kinena, ni wa maji moyo. Vaa glovu, watie kwenye chupa yenye spiriti. Usiwapasue kwa kucha, maana damu yao inaweza kumwambukiza hata binadamu.

Hatua ya 5: Sampuli. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Nyoa ncha ya sikio, pangusa kwa spiriti, *ngoja ikauke*, kisha choma mshipa mdogo. Tone dogo liwe karibu na mwisho wa kioo cha maabara (slaidi). Shika kioo cha pili kwa mshazari, kirudishe nyuma hadi kiguse tone, damu ikitambaa ukingoni sukuma mbele mara moja bila kusita. Damu nene haisomeki. Pepea ikauke na ufunike, kwani nzi hulamba kioo chote ukigeuka tu. Halafu tumbukiza kwenye methanoli dakika 2 hadi 3.

Tezi iliyovimba ibane kwa kidole gumba na cha shahada, ingiza sindano isiyo na bomba, izungushe taratibu, ichomoe. Pachika bomba lililojaa hewa, pulizia ute juu ya kioo, utandaze bila kukandamiza. Chembe zake hupasuka kirahisi. Andika namba ya ng'ombe na tarehe kwenye kila kioo.

Maabara wakishapaka rangi ya Giemsa, ndigana kali huonekana kama mafundo ya bluu ndani ya chembe nyeupe za tezi. Ndigana baridi ni vidoti pembezoni mwa chembe nyekundu. Babesia mara nyingi huwa wawili wawili, umbo la pea.

Hatua ya 6: Dawa. Ndigana kali ni buparvakwoni, na mapema; mapafu yakishajaa maji nafasi ni ndogo sana. Ndigana baridi ni oksitetrasaiklini, babesia ni diminazini. Dozi apange daktari kwa uzito, na maziwa yasiuzwe hadi siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite.

Kwa waliobaki zizini, kumbuka jambo hili: kupe hunyonya siku 3 hadi 4 hivi ndipo kimelea cha ndigana kali kikomae kwenye tezi zake za mate. Ukiogesha kwa ratiba na dawa ikaingia hadi ndani ya masikio, unamuwahi. Ipo pia chanjo iliyotokana na kazi ya watafiti wa Muguga, Kenya. Ina vimelea hai, huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na huchomwa sambamba na oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini. Apewe ng'ombe mwenye afya tu, asiye na homa. Inakinga ndigana kali peke yake, kwa hiyo hata aliyechanjwa muogeshe.