Wawekeeni ndege maji kiangazi hiki

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, mvua zikishakatika, kuanzia Juni hivi mpaka Novemba, ndege wa uani wanahangaika sana na maji. Chukua sahani pana ya udongo au mfuniko wa ndoo, tia maji yasiyozidi kina cha vidole viwili, katikati weka jiwe la kukanyagia. Iwe jirani na mkorosho au mwembe, lakini mbali na kichaka ambacho paka anaweza kujibanza. Maji yabadilishe kila siku, mbu wasizalie humo.

Kisha kaa barazani asubuhi na mapema, utulie. Raha yake ni kubwa! Mtazame shorwe, mwenye manjano chini ya mkia: anachota maji, anainua kichwa ndipo anameza. Tetere yeye anazamisha mdomo na kufyonza moja kwa moja, kichwa hakiinuki.

Ndege mdogo aitwaye chozi anafuata mbochi, yaani maji matamu ya maua, kwa hiyo ua la mgomba usiwahi kulikata. Na kipande cha papai bivu ukikichomeka kwenye tawi, kuzumburu watakuja kundi zima, mikia mirefu ikining'inia.