Jinsi ya Kupanga Mzunguko wa Baiskeli wa Kadiri Kando ya Ziwa Naivasha

Waendesha baiskeli wengi wa Nairobi wanapofikiria kuzunguka Ziwa Naivasha huuliza kwanza ni kilomita ngapi. Swali hilo lina nafasi yake, ila silo la kuanzia. Anza kwa kuuliza ni saa ngapi ni lazima uwe umeshatoka kando ya maji, kisha urudi nyuma kutoka saa hiyo mpaka ufike saa ya kuondoka. Viboko wa Naivasha hutoka ziwani jioni kwenda kula majani, na nyati nao huvuka barabara giza likiingia. Jua la huku huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika kumi hivi mwaka mzima, wala mwanga haukawii baada ya hapo. Mimi huweka saa kumi jioni kuwa mwisho, hata ninapojiona nina nguvu za kuendelea.

Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, nalo ndilo lililo juu kuliko maziwa yote ya Bonde la Ufa upande wa Kenya. Limezingirwa na milima: Longonot wenye mita 2,776 upande wa kusini mashariki, Eburru kaskazini magharibi, safu ya Mau magharibi na Nyandarua mashariki. Kwa sababu hiyo barabara haifuati ukingo wa maji kila mahali, bali hupanda na kushuka mabega ya milima hiyo, na mtu aliyepima umbali peke yake hushangaa miguu inapomlegea mapema.

Chukua ramani ya kipimo cha 1:50,000, ambayo hupatikana katika ofisi za upimaji ardhi za serikali zilizoko Ruaraka, au utumie programu ya ramani ya simu inayoonyesha mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Katika ramani ya kipimo hicho, sentimita 2 ni kilomita 1. Ikiwa kutoka mstari mmoja hadi unaofuata mwinuko unatofautiana kwa mita 20, nawe ukahesabu kwamba njia yako inakata mistari mitano ndani ya sentimita 4, basi utapanda mita 100 kwa kilomita 2, yaani asilimia 5. Kipande kimoja cha namna hiyo hakina shida kwa mtu aliyezoea, lakini vinne mfululizo, juu ya vumbi na chini ya jua la saa sita, ni habari nyingine. Kipimo changu cha njia ya kadiri ni kwamba jumla ya mita za kupanda isizidi mara kumi ya idadi ya kilomita.

Baada ya mwinuko, angalia sakafu ya njia. Barabara ya kusini, Moi South Lake Road, ina lami kwa sehemu kubwa, ilhali lami haifiki kote upande wa kaskazini. Udongo wa eneo hili umetokana na majivu ya volkeno, na wakati wa kiangazi huwa laini kama unga. Tairi nyembamba za barabara ya lami huzama humo, na anayezitumia hulazimika kushuka na kusukuma. Chagua tairi pana kidogo, kisha upunguze upepo unapoingia vumbini.

Hesabu ya muda sasa inawezekana. Tuseme njia yako ina kilomita 35 za lami, kilomita 30 za vumbi na mita 400 za kupanda. Kwa mwendo wa kilomita 16 kwa saa kwenye lami na 10 kwenye vumbi, hiyo ni takribani saa tano na dakika kumi. Ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda, kisha robo ya jumla kwa ajili ya kupumzika, kula na kuziba pancha, na utapata saa saba na dakika ishirini hivi. Ukiondoka saa moja asubuhi utamaliza baada ya saa nane mchana. Ukiondoka saa nne kwa sababu matatu ilichelewa kujaa, kikomo cha saa kumi kitakuwa kimekupita, kwa hiyo ni heri kulala mjini Naivasha usiku wa kuamkia safari.

Suala la kuzunguka kwa upande gani linastahili kufikiriwa kuliko linavyofikiriwa. Kwa kuwa tunapita kushoto, anayeanzia mjini na kushika upande wa kaskazini kwanza, yaani kinyume cha mwendo wa saa, huwa na ziwa upande wake wa kushoto muda wote, na anaweza kusimama kutazama ndege bila kuvuka barabara. Faida nyingine ni kwamba kipande cha barabara kuu ya Nakuru hukimaliza asubuhi, na vumbi hulipita miguu ikiwa na nguvu, akabakiziwa lami wakati wa mchana upepo unapoanza kuvuma. Hasara ni moja: karibu na mtaa wa Karagita, kwenye barabara ya kusini, utakutana na malori ya mashamba ya maua na mabasi ya wafanyakazi. Pita hapo mmoja nyuma ya mwingine, bila kujipanga sambamba kwa mazungumzo.

Usiziamini njia ndogo za ukingoni zilizochorwa katika ramani za zamani. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi yakaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto, na baadhi ya vijia vilivyokuwa vikavu vilimezwa. Waulize wavuvi au watu wa boda boda siku hiyo hiyo. Jibu lao ni jipya kuliko la simu.

Asiyetaka mzunguko mzima anaweza kupanga nusu siku ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984, ambako baiskeli zinaruhusiwa katikati ya pundamilia na swala. Lango la Elsa liko kilomita chache tu kutoka barabara ya kusini. Baiskeli hubaki nje ya korongo la Ol Njorowa, nako usishuke kwa miguu mawingu yakiwa mazito, hata kama mvua inanyesha mbali, kwa sababu mafuriko ya ghafla yamewahi kuua watu humo.

Katika mkoba weka maji yasiyopungua lita tatu, tyubu mbili, viraka, pampu na koleo dogo. Koleo ni la kuchomolea miiba ya migunga. Siku moja, baada ya kupita kijiji cha Kongoni, nilibadilisha tyubu kwa haraka bila kupapasa ndani ya tairi. Ncha ya mwiba, fupi kuliko punje ya mchele, ilikuwa imebaki ndani, na hatua mia mbili mbele tyubu mpya nayo ikatoboka. Papasa tairi polepole kwa kitambaa, kwani kitambaa hunasa pale ambapo kidole kigumu hakihisi kitu.

Kurudi Nairobi, kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa baiskeli hakumo katika safari ya kadiri. Elewana na kondakta kuhusu nauli ya baiskeli kabla haijafungwa juu ya keria, toa magurudumu kama anakubali yakae ndani, na uhakikishe upande wa cheni umetazama juu.